Ng'ombe Niliyemfuta

Kabla sijaandika lolote juu ya Katibu, sina budi kutenga mambo mawili ambayo watu wa mji huu wa Gisenyi huyachanganya bila kujali. Yapo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe katika miaka tisa niliyokuwa msimamizi wa ofisi yake, na yapo niliyosimuliwa. Niliyosimuliwa ni mengi zaidi na, nakiri, yanavutia zaidi. Nimesimuliwa kwamba huko Goma aliwahi kuandika hotuba za mtu mkubwa. Kwamba alimkataa mchumba kwa sababu barua yake ya posa ilijaa makosa. Kwamba aliweza kuchapa akiwa usingizini. Sikuona hata moja kati ya hayo, nami nayaacha nje. Alikozaliwa na ukoo wake sivijui, wala sikuwahi kumuuliza. Yatakayofuata niliyashuhudia, isipokuwa pale nitakapotamka wazi kwamba niliambiwa. Na pale nitakapotamka hivyo, msomaji anichunguze mimi, si yule aliyeniambia, kwa maana kosa linalonifanya niandike lilitokea hapo.

Alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha akina mama wanaovuka mpaka kwenda kuuza Goma. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kwenye barabara inayopanda kutoka Petite Barrière, kivuko cha mpakani: meza mbili, kabati la chuma, benchi la wanaosubiri, na kompyuta moja ya mezani ambayo usiku ilifunikwa kwa kitenge. Kila asubuhi, kabla ya kushuka na mabeseni yao ya nyanya, karoti, sambaza, wale dagaa wa ziwani, na viazi vya Mudende, akina mama walipita hapo kuandikiwa barua. Mwenye kadi iliyoloa mvua aliandikiwa barua ya kuthibitisha uanachama. Mwenye mtoto mgonjwa aliandikiwa barua ya kupeleka shuleni. Palikuwa na barua ya kuomba meza sokoni, barua ya kuarifu msiba, orodha ya zamu za kufagia. Zote zilipita kwenye vidole vya Katibu, na vidole hivyo vilikuwa kumi kweli kweli. Si viwili vinavyodonoa kama nilivyozoea kuona katika ofisi za serikali. Alijifunza kuchapa kwa masista, kwenye mashine ya chuma, na hili alinieleza mwenyewe. Alipochapa hakutazama mikono wala kioo cha kompyuta. Alitazama dirishani, midomo ikitikisika, na nje barabara ikapita na watu wake.

Kila barua aliianza kwa namna moja. "Bon," alisema, yaani haya, akivuta kiti mbele. "Leta jina." Hapakuwa na salamu ndefu. Mama aliyeanza kueleza shida yake kabla ya jina alikatizwa: "Jina kwanza, mama. Shida haina haraka, uko nayo tangu jana."

Na kila barua aliimaliza kwa namna moja. Aliigeuza kompyuta kidogo upande wa mteja, akasema, "Bon. Soma." Mama alitakiwa aisome barua yake kwa sauti kutoka kwenye kioo kabla haijatolewa kwenye karatasi. Asiyejua kusoma alisomewa na anayemfuata kwenye benchi. Kwa hiyo ofisi ile haikuwa na siri: kila mtu alijua nani amefiwa, nani kadi yake imeliwa na panya. Nilipomuuliza sababu, alinijibu mara moja: "Mutu asiweke sahihi ku kitu chenye hajue." Nililipenda jibu hilo kiasi kwamba nililinukuu kwenye taarifa yangu ya mwaka. Leo najua kwamba desturi hiyo ilimsaidia kwa namna nyingine pia. Lakini nisimdhulumu: alikuwa nayo tangu siku ya kwanza niliyomfahamu, alipokuwa bado anasoma gazeti. Sababu zote mbili zilikuwa za kweli, na sijui ipi ilitangulia.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyolingana. Aliwakaripia akina mama kwa kuchelewa dakika tano, ilhali kila Jumatano yeye mwenyewe alichelewa nusu saa kwa ajili ya kikundi chake cha sala, na akirudi huko aliitukana mashine ya kutolea karatasi kwa Kifaransa kisichofaa kurudiwa. Hakumwazima mtu kalamu. Alikuwa na tatu, zimefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza kama mbuzi. Lakini msimu mmoja wa mvua nilimwona akiwapa watu watatu tofauti mwavuli wake, kila mara akinunua mwingine, na kila mara akilalamika kwamba Gisenyi imejaa wezi wa miavuli. Hakupenda kushukuriwa. Ukimshukuru, alitazama pembeni na kusema, "Toka, kuna batu nyuma yako." Miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba, na katika miaka ya mwisho sikuiona hata siku moja ikiwa puani. Nilidhani ni majivuno ya mwanamke aliyewahi kuwa mrembo.

Mimi na yeye hatukuwa marafiki. Tuliheshimiana kama wanavyoheshimiana mahakimu wawili wa wilaya tofauti. Nilikuwa mkaguzi wa shule kwa muda mrefu, kwanza Kagera, kisha hapa baada ya sisi kurudi nyumbani kutoka ukimbizini, na ukaguzi ni tabia isiyostaafu. Aliniita Mwalimu, nami nilimwita Mama Katibu. Kiswahili changu kilimchekesha. "Mwalimu anasema kama redio," aliwaambia akina mama, nami ndani ya moyo wangu nilikisahihisha cha kwake, kimya kimya, sentensi baada ya sentensi.

Sasa niende kwenye kompyuta.

Anayeifungua kompyuta hukutana kwanza na uso wake: picha fulani nyuma, na juu yake alama ndogo ndogo ambazo ni njia za mkato. Ukibonyeza alama, barua unayoitaka inafunguka bila kuitafuta kabatini. Picha aliyoiweka Katibu ilikuwa ya ng'ombe wa Mudende, wa kahawia, mwenye pembe ndefu, amesimama kwa ubavu kana kwamba anasubiri kupigwa mnada. Njia za mkato zilitapakaa juu ya mwili wake wote. Majina yake yalikuwa ya ajabu: BARUA MPYA MPYA, ILE YA MISIBA, USIGUSE. Macho yangu yaliona fujo. Kwa akina mama, palikuwa na ramani. Barua ya uanachama ilikaa kwenye nundu. Ya shule ilikaa sikioni. Ya msiba ilikuwa chini, kwenye kwato ya nyuma, na mwanamke aliyeingia akilia hakuhitaji hata kusema, wenzake kwenye benchi walimsemea: "Katibu, huyu ni wa kwato."

"Pole, mama," Katibu alijibu. "Leta jina."

Hakutumia kile kipanya cha kushikwa mkononi. Kilikaa pembeni kikipata vumbi. Alitumia vitufe vya mishale: mara mbili chini, mara tatu kulia, kisha kitufe kikubwa, na barua ikafunguka. Nilidhani hiyo nayo ni dharau ya mchapaji wa zamani kwa vitu vya kisasa.

Mwaka wa tisa, muuza sambaza mmoja, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, alinifuata nje ya ofisi.

"Mwalimu, Katibu haone tena. Anaandika na kichwa tu."

"Umeona wewe mwenyewe, au umeambiwa?"

"Batu banasema."

"Hao watu wana majina?"

"Eh, Mwalimu! We unataka hata umbeya ukuje na kitambulisho?"

Nilimwambia kwamba sipokei tuhuma isiyo na shahidi, naye akaenda zake akicheka. Niliridhika na nafsi yangu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofundisha: neno lisilo na mwenyewe lisipewe kiti. Lakini mtu mwadilifu, akishalikataa neno kama hilo, ana njia mbili tu. Asahau kabisa, au aende kwa mhusika, aketi naye, amuulize kwa upole. Mimi nilichagua ya tatu. Nililikataa kwa mdomo, nikalihifadhi.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya kazi za jumuiya na mkutano wake, ofisi ikiwa imefungwa, niliingia kwa ufunguo wangu. Nilijiambia kwamba ninakwenda kupanga kompyuta, na kupanga kweli nilipanga. Niliziondoa njia za mkato zote, moja baada ya nyingine. Barua zenyewe sikuzifuta. Niliziweka zote katika jalada moja, kwa mpangilio wa herufi, kila moja ikiwa na jina sahihi lisilo na kelele. Nilimwondoa ng'ombe, nikaweka rangi ya buluu tupu. Juu ya buluu hiyo palibaki alama mbili tu: jalada langu na pipa la taka. Nilikaa nikautazama uso ule safi, nikaona fahari niliyokuwa nikiiona zamani mwalimu aliponionyesha daftari lililopigwa mistari vizuri.

Ningeweza kuishia hapo, na baadhi ya wanakamati wanaamini kwamba niliishia hapo: mzee mpenda utaratibu amepanga kompyuta, bahati mbaya ikatokea. Si kweli. Nilipokuwa nikifuta alama ya mwisho, nilikuwa na swali akilini, na swali lilikuwa hili: Jumatatu atafanyaje? Nilikuwa nikimtega. Mkaguzi hatoi taarifa kabla ya kufika, na sikumwambia.

Jumatatu nilifika mapema, nikasimama mlangoni, nyuma ya benchi. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa muuza nyanya. Huyu alikuwa rafiki wa Katibu, rafiki wa pekee niliyepata kumwona naye. Walikuwa majirani huko juu, walisali pamoja Jumatano, waligawana mkate wa saa nne. Kadi yake ilikuwa imeloa na kuchanika. Alisimama begani kwa Katibu, beseni likiwa chini miguuni.

"Bon. Leta jina."

"Eh, dada! Hata miye?"

"Hata we. Ofisi ni ofisi."

Akina mama wakacheka. Muuza nyanya akataja majina yake yote, pamoja na la ubatizo, kwa sauti ya kanisani, wakacheka tena. Vidole vya Katibu vikaenda kwenye mishale. Chini, kulia, kulia, kitufe kikubwa. Kwenye kioo nikaona pipa la taka likifunguka: dirisha jeupe, tupu.

Naye akaanza kuchapa.

Aliichapa barua nzima. Alichapa tarehe, akachapa jina, akachapa kwamba aliyetajwa hapo juu ni mwanachama halali na kwamba anayehusika anaombwa amsaidie. Nayajua maneno hayo kwa sababu midomo yake iliyatamka, kama kawaida yake. Vidole kumi vilikwenda kwa kasi ileile, na uso wake ulielekea dirishani. Mbele yake dirisha la pipa la taka lilibaki jeupe, bila hata nukta moja. Kwenye benchi kicheko kilikoma kidogo kidogo, mtu mmoja baada ya mwingine, kadiri walivyoinua macho kwenye kioo.

Alimaliza. Akaigeuza kompyuta upande wa rafiki yake.

"Bon. Soma."

Muuza nyanya alitazama kioo. Akamtazama Katibu. Akatazama kioo tena, na neno likamtoka kabla hajalizuia:

"Dada, ng'ombe iko wapi?"

Hapo kila aliyekuwamo chumbani alijua. Barua kupotea si kitu. Kompyuta hupoteza barua kila siku. Lakini ng'ombe mkubwa wa kahawia alikuwa ameondoka kwenye kioo kizima, mahali pake pamekuwa buluu kisha peupe, na Katibu aliyekaa mbele yake hatua moja hakuwa ameona.

Na katika ukimya uliofuata mimi nilitoa pumzi kwa pua. Ilikuwa fupi. Mtu asiyenijua angesema ni kicheko. Wanangu wanaijua, na walimu wa wilaya nzima waliijua: ni pumzi ninayoitoa ninapokuta kosa mahali nilipotarajia kulikuta. Sikukusudia. Sijitetei kwa hilo; mengi ya kuaibisha hatuyakusudii. Katibu aligeuza kichwa haraka kuelekea sauti ilikotoka, na kati yangu na yeye alikuwa amesimama muuza nyanya. Nilimwona Katibu akisubiri. Ningeweza kusema neno moja, hata salamu tu, akajua ni nani aliyekuwa pale. Sikusema.

"Mashini iko na ugonjwa leo," akasema Katibu hatimaye, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Mukuje kesho, bamama."

Waliondoka bila kelele. Nje niliwasikia wakiulizana nani amefanya hivi, na nilipotoka nikawaambia kwamba ni mimi, nimepanga ofisi. Muuza sambaza ndiye aliyejibu: "Mwalimu, umechinja ng'ombe yetu!" Alikuwa akitania, lakini hakuna aliyecheka. Nilipoingia tena, Katibu alikuwa ameshaifunika kompyuta kwa kitenge. Akanyoosha ufunguo hewani, mbali kidogo na nilipokuwa, nikausogelea.

"Chukua, Mwalimu. Mi nimechoka."

Katika kumbukumbu za kikao cha kamati niliandika kwamba Katibu ameacha kazi kwa hiari. Ni sentensi isiyo na kosa la lugha, na ndiyo ya uongo kuliko zote nilizowahi kuandika.

Nilijaribu kurekebisha kwa njia ninayoiweza, yaani kwa utaratibu. Picha ya ng'ombe niliipata, ilikuwa bado humo ndani. Njia za mkato niliweza kuziunda upya. Nisichokijua ni zilikokuwa zimekaa, kwa maana miaka tisa yote niliona fujo na sikuona ramani. Ilibidi niwaulize akina mama. Nilikaa kwenye lile benchi na daftari, nikapokea ushahidi wa kuambiwa, mtu mmoja mmoja, mimi ambaye zamani sikuupokea.

"Ya meza ya soko ilikuwa ku mukia."

"Hapana, ku mukia ilikuwa zamu ya kufagia. Miye nilifagia, najua."

"We ulifagia lini?"

"Andika, Mwalimu, andika: ku mukia. Huyu hajawahi kushika fagio."

Ilinichukua wiki tatu. Nilipomaliza, ng'ombe alikuwa amerudi na kila kitu mwilini mwake, na akina mama walimtazama wakasema ni yeye. Mwandishi mpya tuliyempata hakumhitaji. Ana macho mazuri na hutumia kipanya. Baada ya mwezi aliomba ruhusa ya kuweka picha ya ziwa, nami sikuwa na hoja ya kumkatalia.

Miezi ikapita, na Katibu hakushuka tena mjini. Hili niliambiwa. Niliambiwa pia kwamba hampokei mtu yeyote, na kwamba hata muuza nyanya, jirani yake, hugonga na hafunguliwi. Aliyeniambia alikuwa yuleyule muuza sambaza. Safari hii sikumuuliza majina ya mashahidi. Nilimngoja muuza nyanya barabarani, akirudi kutoka Goma na beseni tupu, nikamuuliza mwenyewe.

"Ni kweli, Mwalimu. Nimeenda mara mingi. Nasikia anatembea ndani, hafungue." Akageuza beseni mkononi. "Mi sijui nilimufanyia nini. Ni juu ya ile swali ya ng'ombe? Ilinitoka tu."

Nilimwambia sijui. Usiku ule na usiku uliofuata nililijua jibu vizuri, na bado ilinichukua siku sita kuvaa koti na kupanda.

Nyumba yake iko juu kidogo, upande wa Rubavu, ambako njia ni ya mawe meusi na kila ua umejengwa kwa mawe hayohayo. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mlango, ambao niliambiwa haufunguliwi, siku hiyo ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya maharage mabichi, maganda upande mmoja, punje ndani ya sufuria, na hakuna punje hata moja iliyodondoka nje.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama Katibu."

"Mi si Katibu tena. Ingia, Mwalimu. Angalia jiwe iko hapo ku mulango, isikuangushe."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa hata nimeyaandika kwenye karatasi, ambayo haikutoka mfukoni. Nilisema, "Mama, mimi ndiye niliyeondoa zile alama kwenye kompyuta."

"Hiyo najua. Nani mwingine iko na ufunguo?"

"Sikuwa napanga tu. Nilikuwa nakupima."

Ganda likapasuka vidoleni mwake. Punje zikaingia sufuriani.

"Hiyo pia najua. We ni mukaguzi, Mwalimu. Hata ukikula unakagua sahani. Na miye nilikuwa nadanganya, tuseme kweli. Miaka miwili macho haikuwe kitu. Ningewaambia, mungenipa kazi gani? Kufagia?"

Jibu ni kwamba hata kufagia tusingempa.

"Mi niko na swali moja tu," akasema. "We ulikuwa unaona, miye sikuona. Na we hausemake kitu chenye hujaona. Ile siku, bamama balifanya sura gani?"

"Walitazama chini."

"Bote?"

"Wote. Mmoja alijifunika kitenge usoni. Nadhani alilia, lakini sikuyaona machozi."

Akatikisa kichwa polepole. Mikono ilikuwa imesimama.

"Kuna mutu alicheka. Kwa pua. Hapa nyuma yangu, karibu na bega." Akaligusa bega lenyewe. "Hapo alisimama rafiki yangu. Nilisema, bon, kama hata yeye anaweza kunicheka, basi sina mutu. Mwalimu, niambie tu. Ni yeye?"

Nakiri kwamba kwa muda wa pumzi mbili niliona njia. Ningeweza kusema kwamba sikusikia kitu. Lisingekuwa tusi kwa mtu yeyote. Angebaki na shaka, shaka ingepungua labda, nami ningeshuka mlima nikiwa na sehemu ya heshima yangu.

"Ni mimi," nikasema.

"We?"

"Nilikuwa mlangoni, nyuma yake. Haikuwa kicheko hasa. Ni pumzi ambayo mtu..."

"Mwalimu. Usinipe somo."

Akasukuma sufuria pembeni.

"Ulifurahi?"

"Nilifurahi kwamba nimejua. Kwa kitambo kidogo. Kisha ukageuka, nikaogopa kusema kwamba nipo."

Mbuzi alilia uani kwa jirani. Nilitarajia anifukuze, na ningeona nafuu. Badala yake alipapasa chini ya kigoda akatoa viatu vyake vya plastiki, akavivaa, akasimama na kujifunga kitenge upya.

"Miezi tano," akasema, na hakuwa akizungumza na mimi. "Miezi tano mutu anagonga ku mulango yangu."

Nilimpa mkono aushike. Aliusukuma.

"Tembea mbele. Usinishike. Semasema tu, nifuate sauti."

"Niseme nini?"

"Sema chenye unaona. Hiyo si kazi yako?"

Kwa hiyo nilitembea mbele yake na kusema niliyoyaona. Nilisema: mfereji upande wa kushoto, hauna maji. Nilisema: jiwe kubwa, pita kulia. Nilisema kwamba mama mmoja anapanda na mtoto mgongoni na anatutazama. Mama huyo akatuamkia, naye Katibu akaitikia akimtaja jina, kwa kuijua sauti yake. Nilisema: matope, hatua tatu. Nilipotaka kupumzisha sauti, nyuma yangu aliniambia, "Mwalimu, usinyamaze," na sauti yake haikuwa na hasira wala msamaha; ilikuwa ile ya kuomba jina. Nikaendelea. Sidhani kama nimewahi kusema kwa muda mrefu hivyo bila kumsahihisha mtu.

Kwenye ua wa nne, kwa muuza nyanya, nilisimama.

"Tumefika," nikasema. "Mlango uko mbele yako, hatua mbili. Umefungwa."

Akazihesabu hatua, akagonga. Ndani palikuwa na sauti ya maji yakimwagwa kwenye beseni, kisha ikakoma.

"Nani?"

"Ni miye."

Nilihesabu mpaka kumi na moja. Komeo likavutwa, mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha mtu mmoja, na nikaona mkono ukitoka, umelowa, una povu la sabuni mpaka kwenye kiwiko. Ulimshika Katibu kifundo cha mkono, ukamvuta ndani, na mlango ukafungwa.